Nimelilia gemu, na chama cha mke wangu kimeleta rambirambi

Kwako Mjomba,

Pokea salamu kutoka Nyalenda hapa Kisumu. Barua hii nimeiandika kwenye simu mara tatu nikaifuta, na safari hii nimeapa nikifika neno la mwisho naituma bila kuisoma tena. Ukiona mahali nimeteleza, nisamehe.

Mimi ni fundi wa simu, miaka 32, nina mke na watoto wawili. Juu ya kabati letu kuna bahasha yenye shilingi 3,400 za watu, na kila nikiitazama tumbo linanisokota. Pesa zenyewe ni rambirambi. Aliyekufa hayupo. Yaani hakuwahi kuwepo. Ngoja nianzie mbali.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na banda la PS, yaani PlayStation, karibu na kwetu, mabati pande zote, joto la kuoka mkate, runinga nne juu ya kreti za soda. Shilingi kumi, dakika kumi. Vijana wote walikuja kucheza mpira. Lakini mwenye banda alikuwa na CD moja ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu ina maneno mengi na humfungi mtu bao ukamcheka: Final Fantasy X. Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, aliniruhusu niicheze bure mradi nimfagilie banda. Nilikuwa na miaka 12. Kiingereza chake nilikibahatisha, lakini hadithi niliishika.

Wewe ni mtu mzima, Mjomba, labda huijui. Kuna kijana anaitwa Tidus, nyota wa mchezo wa mpira unaochezwa ndani ya maji. Baba yake, Jecht, alikuwa nyota kumshinda, mlevi, mwingi wa majigambo, na kila mtoto akilia yeye humcheka. Siku moja huyo baba anakwenda baharini kufanya mazoezi, harudi. Miaka kumi baadaye Tidus anachukuliwa na zimwi kubwa mno liitwalo Sin, anajikuta katika ulimwengu mwingine, Spira, na huko anakutana na msichana anayeitwa Yuna. Kazi ya Yuna ni kusafiri hekalu hadi hekalu akikusanya nguvu za kulimaliza hilo zimwi, na wenzake wachache wanamlinda njiani. Tidus anajiunga nao.

Katika banda lile nilifika kijiji kiitwacho Kilika. Sin ameshapita, nyumba zimevunjika, maiti zimefungwa sanda na kuwekwa majini. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya maji, anacheza ngoma ya kuwasindikiza wafu ili wasibaki wakiwahusudu walio hai na kugeuka mazimwi. Watu wanalia ufukweni. Nuru ndogo ndogo zinatoka majini na kupaa. Mjomba, mimi ni mtoto wa mvuvi. Usiku wa giza wavuvi wa omena wakiwa wamewasha taa zao, ukisimama Dunga unaona ziwa limegeuka mji. Nilipoziona zile nuru nilisahau ufagio.

Jumamosi iliyofuata nikakuta kijana mmoja amefuta yangu yote kwenye memori kadi, ile kadi inayotunza mahali ulipofika, ili apate nafasi ya kuweka ligi yake ya mpira. Nilimpiga, akanipiga zaidi, mwenye banda akatufukuza wote wawili. Hadithi ikasimama hapo karibu miaka ishirini.

Mwaka jana mteja alishindwa kunilipa, akaniachia PS4 yake kuukuu tukamalizana. Nikatafuta gemu ile ile, sasa imesafishwa picha, nikaanza upya. Nilicheza usiku watoto wakishalala. Miezi miwili, saa 61 kwa hesabu ya gemu yenyewe. Na Jumanne moja, saa nane za usiku, nikaimaliza.

Sin, Mjomba, ni baba yake. Ndiye Jecht aliyegeuzwa zimwi. Inabidi Tidus ampige, yaani inabidi mimi nimpige, kwa vidole vyangu mwenyewe, pedi ya kuchezea mkononi. Baba anapokata roho mtoto anamwambia anamchukia, huku analia. Kisha Tidus naye anatoweka, kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa ndoto tu iliyootwa na roho za watu wa kale, na roho hizo sasa zinapumzika. Yuna anamkimbilia amkumbatie, anapita katikati ya mwili wake kama anayepita moshini, anaanguka.

Sikutoa chozi la kupangusa kwa kiganja. Nililia kwikwi, nikauma kitambaa cha kochi ili watoto wasiamke. Walilala. Mama yao ndiye aliyeamka. Alitoka amejifunga leso, akawasha taa.

"Baba watoto, kuna nini?"

Runinga ilikuwa inaandika majina ya watengenezaji. Niliizima haraka. Ningesema nini? Nikasema tumempoteza mtu.

"Nani?"

"Rafiki yangu. Wa tangu utotoni."

"Yupi huyo? Jina lake nani?"

Mungu wangu, mdomo ukajiendea wenyewe. "Titus."

Akaketi kando yangu akanishika kichwa, akaanza kulia na yeye. Akauliza amekufaje. Nikasema alipotelea baharini. Bahari gani? Nikasema alikuwa amehamia Mombasa.

Nilidhani imeisha. Jumamosi jioni wakaja wanawake kumi na wawili wa chama chao, wauza mitumba wa Kibuye, na unga pakiti sita, sukari, majani chai, na hiyo bahasha. Wakaimba. Mwenyekiti wao akaomba Mungu ailaze roho ya Titus mahali pema, nami nikaitikia amina kwa sauti, kwa sababu, nikuambie ukweli, nilikuwa ninataka Mungu ailaze. Sasa mke wangu anadai namba ya mjane ampigie kumpa pole. Anauliza mazishi ni lini. Wiki ya tatu hii.

Jambo la mwisho, sijui hata kama linahusika. Baba yangu alivua omena. Nilikuwa na miaka minane alipopotea. Upepo ulivuma usiku, mashua ikapatikana imepinduka, yeye hakupatikana. Kwetu Wajaluo mwili usipopatikana huzikwa tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, kwa hiyo tulizika yago. Sikulia, na wazee walinisifu. Mimi niliogopa maji na baba aliniita mlialia mbele ya wenzake, na jioni ile kabla hajatoka alinizaba kofi kwa sababu hiyo. Nilijifunika blanketi nikaomba asirudi.

Je, mimi ni mgonjwa? Niuze PS? Na huyu Titus nitamfukuaje?

Mfiwa, Nyalenda.


MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu,

Titus alipohamia Mombasa nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nikaendelea kusoma nikitafuta miwani kwa mkono, nikafika aya ya mwisho, nikaacha kucheka. Tuanze na bahasha, maana haihitaji busara nyingi.

Irudishe wiki hii. Lakini mkeo ndiye wa kwanza kuambiwa, tena nyumbani, watoto wakiwa shuleni, si mbele ya wale wanawake kumi na wawili. Usianze na banda la PS wala na utoto wako. Hizo ni mbio za kuzunguka mbuyu. Anza na neno gumu: "Titus hayupo. Nilikudanganya." Halafu nyamaza akuchape kwa maneno mpaka achoke.

Atakasirika, na nakuomba uelewe hasira yake itatokea wapi. Haitakuwa gemu. Aliwasimamia wenzake akawaambia nyumba yetu ina msiba, wakatoa za mfukoni, na katika chama jina la mtu ndilo dhamana yake. Siku akitaka mkopo, jina hilo ndilo litakalozungumza. Umelichukua ukaliweka rehani bila kumuuliza. Kwa hiyo namna ya kuzirudisha hizo pesa aamue yeye: akitaka mwende pamoja, nenda, akitaka aende peke yake na akusingizie wazimu, kubali wazimu. Unga mmeshaula, nunua pakiti sita nyingine, na sukari. Usinijie na wazo la kuzitoa sadaka kanisani ili ziishe kimyakimya. Nakufahamu, wewe mtu wa kuhamisha watu Mombasa.

Na namba ya mjane, tafadhali, usimpe hata kwa mzaha. Nina hofu utampa ya dada yako.

Hapo tumemaliza la aibu. Sasa la gemu.

Nilifundisha Kisumu miaka sita kabla sijarudi Nakuru, na samaki wa huko nawafahamu kuliko mambo ya pedi na memori kadi. Kwa hiyo barua yako nilimpelekea mpwa wangu mwingine, binti wa dada yangu, anayesoma Egerton kule Njoro. Niliposema Final Fantasy X alinitazama kama mtu aliyesikia babu yake akitaja jina la mpenzi wake. Alikuja na laptopu, jioni mbili mfululizo, akanionyesha vipande akinieleza. Chakula kiliungua siku ya pili. (Msomaji ambaye anakusudia kuicheza siku moja aruke aya zinazofuata, ingawa mwenzetu wa Nyalenda ameshafukua karibu kila kitu.)

Nilitarajia kukuambia neno ambalo washauri hulisema haraka: kwamba hukulilia gemu, ulimlilia baba yako. Baada ya jioni zile mbili sitaki kulisema hivyo. Ulililia gemu pia, na gemu yenyewe ilistahili. Ilitoka Japani mwaka 2001, kwenye PlayStation 2, na katika mfululizo wake ndiyo ya kwanza ambayo watu wake walipewa sauti za kusema. Mchezaji anaruhusiwa kumbadilishia Tidus jina, ampe lolote, la kwake mwenyewe akitaka. Matokeo yake ni kwamba katika mazungumzo yote yale hakuna hata mmoja anayelitamka jina la kijana huyo, maana waigizaji wasingejua wewe umemwita nani. Watu wanampenda, wanagombana naye, wanaagana naye, na jina hawalisemi. Mwalimu wa lugha kama mimi jambo hilo lilininyima usingizi.

Na jina lenyewe lina habari. Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, jua huitwa tiida, na Tidus ametoka hapo. Yuna, husemwa, ametoka kwenye neno la usiku la lugha ile ile. Sasa hamisha hayo mpaka kwenu, ambako mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likiwaka ni Ochieng', na wa kike aliyezaliwa usiku ni Atieno. Hadithi ni ya Ochieng' na Atieno, basi. Ungemwambia mkeo amefariki Ochieng' ungekuwa umekaribia ukweli, ingawa chama kizima kingeuliza Ochieng' yupi kati ya mia mbili.

Nikamuuliza binti kwa nini watu wazima hulia. Akanirudisha nyuma, mahali ambapo wewe hukupagusa. Njia nzima Tidus anamchangamsha Yuna, anampangia mambo: Sin akifa tutakwenda hapa, nitakuonyesha pale. Wenzake wote wananyamaza. Kumbe kila mtu katika ulimwengu ule anajua kwamba anayemuua Sin kwa ile nguvu ya mwisho hufa naye, na Yuna ameianza safari akijua anakwenda kufa. Asiyejua ni kijana mmoja tu, na wewe uliyeshika pedi. Saa thelathini hivi mmekuwa mkimpigia binti wa watu porojo za kesho. Kitabu kingekuonyesha mtu akikosea. Huku kosa ni lako, umelibonyeza mwenyewe. Ndivyo ilivyo hata mwishoni: baada ya baba, wale viumbe wakubwa ambao Yuna aliwaita wawapiganie tangu siku ya kwanza, inabidi uwaite mmoja mmoja uwaue, ili adui asipate mwili wa kujificha. Binti aliponionyesha hapo alisema, "Mjomba, mimi hapa huwa naomba msamaha kwa sauti." Alisema bila kucheka.

Kuna kipande kingine, Tidus na Yuna wanajilazimisha kucheka kwa sauti kubwa, ha ha ha, ya uongo kabisa. Ananiambia wachezaji wengi wamekifanyia mzaha miaka yote kwamba kimeigizwa vibaya. Mimi nilikipenda kuliko vyote. Aliyewahi kukesha matangani anakijua kicheko hicho, cha saa kumi alfajiri, pale moto unapofifia na mtu mmoja anaanza hadithi ya ujinga wa marehemu.

Nilijiuliza watu hawa wa Japani waliyajulia wapi. Hironobu Sakaguchi, aliyeuanzisha mfululizo huo mwaka 1987, alifiwa na mama yake akiwa katikati ya kutengeneza gemu ya tatu, na amesema tangu wakati huo amekuwa akiwaza juu ya uhai. Basi. Aliyefiwa hutambua aliyefiwa, hata kama mmoja yuko Tokyo na mwingine anafagia banda Nyalenda.

Sasa unauliza kama wewe ni mgonjwa. Kwa ulivyoandika, hapana. Unafanya kazi, unakula unga wa watu, unatafuta namna ya kusema ukweli. Kama kilio kinarudi kila usiku, au usingizi umekukataa, au umeanza kufikiri kwamba ni heri nawe uingie ziwani, basi hilo si la kungojea barua yangu. Nenda hospitali umwone mshauri nasaha, hata kesho. Wapo, na wanaume wenzako wanakwenda bila kutangaza.

PS usiuze. Saa 61 kwa miezi miwili ni saa moja kwa usiku, na wapo wanaomaliza hizo mbele ya mpira kwa wiki mbili wakitukana refa. Ila mkeo amekuwa akilala peke yake huku wewe ukiwa Spira, na tokeni za stima mnagawana. Mwalike. Akishapoa, mwonyeshe Kilika, pale ulipoachia ufagio. Si kujitetea, ila amjue aliyemlilia. Alimwaga machozi yake kwa Titus bila kumwona hata picha. Akikuuliza huyo Yuna ni nani kwako, jibu polepole na kwa uangalifu.

Nimelizungukazunguka la baba yako, nalifahamu hilo.

Mtoto wa miaka minane aliyezabwa kofi huomba mambo makubwa. Mimi niliomba shule iungue, na mwalimu awemo. Upepo uliompindua baba yako ulikuwa umeshaanza safari yake juu ya ziwa hilo kabla wewe hujapanda kitandani. Wavuvi wengine walikuwa majini usiku ule ule, wana wao wakiwa wamewaombea mema. Hukumuua mtu.

Kilichonikaa moyoni ni lile yago. Desturi yenyewe siidharau hata kidogo. Mtu hawezi kuachwa anatangatanga majini bila nyumba wala kaburi, na wazee walijua walio hai nao wanahitaji mahali pa kusimama wakainamisha vichwa. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto anajua tunda ni tunda. Walikuonyesha tunda, wakakuambia ni baba, wakakusifu kwa kutolia. Kisha miaka minne baadaye, katika banda la mabati, ukaona mtu akitembea juu ya maji kuwasindikiza waliokufa majini, na nuru zinapaa. Sishangai hata kidogo kwamba ulisahau ufagio. Hapo ndipo ulipoyaona mazishi yake kwa mara ya kwanza.

Binti wa dada yangu alinionyesha mahali ambapo watu wa Spira huenda kuwatazama wafu wao. Ukimfikiria marehemu, sura yake inatokea. Yuna alimfikiria Jecht na Jecht hakutokea, kwa sababu hakuwa amekufa kifo cha kusindikizwa. Na baadaye, njiani, Tidus anaanza kuokota picha za kurekodiwa ambazo baba yake aliziacha miaka kumi nyuma akipita njia ile ile. Katika moja, baba amelewa, amemshambulia mnyama mkubwa mpole anayevusha watu mtoni, mwenzake analazimika kulipa fidia, na Jecht anaapa hatagusa pombe tena. Katika nyingine anazungumza na mwanawe moja kwa moja, mtu mzima anayetafuta maneno na kuyakosa. Tidus hakumjua mtu huyo. Aliyemjua yeye alikuwa yule wa kumcheka akilia.

Baba yako hakuacha picha za kurekodiwa. Lakini mashua ya omena haivui na mtu mmoja. Wako wazee, Dunga au popote alipokuwa akitia nanga, waliovuta nyavu pamoja naye usiku baada ya usiku, na ambao usiku ule labda walikuwa nchi kavu kwa homa au kwa bahati. Sasa watakuwa na miaka sitini, sabini. Nenda Jumapili, nunua chai na mandazi, keti nao chini ya mti wanaposhona nyavu. Usiwaulize alikufaje, hilo wameshalisimulia mpaka limelainika. Waulize alikuwa mtu wa namna gani mle mashuani saa tisa za usiku. Aliimba? Alijigamba? Alikuwa mwoga wa kitu? Aliwahi kumtaja mtoto wake, na alimwita nani akiwa mbali naye? Yawezekana utasikia jambo zuri. Yawezekana utasikia kwamba alikuwa mkali hata kwao, na hilo nalo ni lako kulichukua.

Mama yako kama yu hai, muulize pia, ila peke yake, na si siku ya sherehe.

Jambo dogo la mwisho. Umesimulia Yuna alivyoanguka, hukusimulia linalofuata, na nina shaka hukuliona kwa machozi, au ulikuwa unauma kitambaa cha kochi. Baada ya kuagana na Yuna, Tidus anajirusha kutoka kwenye chombo cha angani walichokuwa wamepanda. Huko chini mawinguni kuna watu wanamsubiri. Mmoja wao ni Jecht. Kijana anapita kasi, baba ananyoosha mkono, na viganja vyao vinapigana, pa, kama wachezaji wawili waliofunga bao. Hakuna anayesema neno. Ni sekunde chache tu. Tafuta hifadhi yako ya mwisho, pale ulipoutunza mchezo, mwite mama watoto, mkitazame tena kipande hicho.

Mjomba,
Nakuru.